Mahali pa Fifi

Fundi seremala mmoja wa mjini Nzega alinitazama kwa huruma nilipomweleza ninachotaka: kipande cha ubao cha ukubwa wa daftari, chenye mpini, kilichochimbwa vishimo hamsini, kila kishimo kikiweza kumeza punje moja ya haragwe bila kutokea upande wa pili. Akaugeuza mchoro wangu mara mbili. "Ni cha uganga?" aliuliza. Nikamwambia ni kifaa cha kufundishia. Hakuamini, akanitoza bei ya mganga.

Kesho yake nilikuwa kijijini, ndani ya darasa la shule ya msingi iliyofungwa likizo ya Juni. Wanafunzi wangu walikuwa watu wazima ishirini na wawili waliobanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao kwa chini: wenyeviti na makatibu wa AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika, za pamba, makarani wa mizani, mabwana shamba wawili, na wauguzi wanne wa zahanati za jirani walioingizwa kwenye semina yetu kwa sababu fungu la kuwafanyia yao peke yao halikupatikana. Nililalamika kimoyomoyo kuhusu mchanganyiko ule. Leo ningeuomba.

Mbele yao niliweka ndoo. Ndani ya ndoo, vikombe vinne vya maharage meupe na kikombe kimoja cha mekundu, vimevurugwa pamoja. Niliwatangazia kwamba tumeanzisha kiwanda. Mteja wetu anataka maharage meupe tu. Nikaajiri wafanyakazi sita, wakaguzi wawili na karani mmoja wa kuandika ubaoni. Kazi ya mfanyakazi ni kuchovya kibao kwenye ndoo akiwa amefumba macho, akitoe kimejaa, ampelekee mkaguzi ahesabu mekundu. Hakuna kuchagua wala kurudisha.

Wa kwanza akatoka na mekundu tisa, wa pili kumi na mawili, wa tatu saba. Huyu wa tatu, katibu wa AMCOS, nilimsimamisha mbele ya wenzake, nikampa mkono, nikamtangaza mfanyakazi bora. Wa nne alileta kumi na manne. Nilimwuliza nyumbani kuna shida gani. Darasa zima likacheka, lakini yeye hakucheka; mchezo ulikuwa umeanza kumwingia. Raundi ya pili mfanyakazi bora akaleta kumi na matatu, na yule wa kumi na manne akaleta manane. Nikawakemea waliozembea, nikaahidi motisha, nikabandika ukutani kauli mbiu ya ubora niliyokuwa nimeiandika usiku kwa kalamu ya wino mzito. Maharage hayakujali.

Raundi ya tatu zamu ikamfikia mama mmoja wa makamo, mjumbe wa bodi ya chama chake. Alichovya, akainua kibao, akakizungusha kidogo kuelekea kifuani kama mtu anayekinga upepo, akampelekea mkaguzi. Mekundu mawili. Rekodi. Watu wakapiga makofi, mimi nikanyoosha mkono wa pongezi, ndipo karani wa mizani aliyekaa dawati la nyuma akapaza sauti: "Mwalimu, mwambie afungue kiganja!"

Alifungua. Maharage sita mekundu yalikuwa yamelala kiganjani, na mengine yalianguka kwenye pindo la khanga aliposimama. Wala hakuona haya. "Mwalimu," akasema, "ulitaka meupe. Nimekupa meupe."

Mchezo huu si wangu. Ni wa W. Edwards Deming, Mmarekani mtaalamu wa takwimu aliyekwenda Japani mwaka 1950 kuwafundisha mainjinia na wakuu wa viwanda namna ya kusoma tofauti zinazojitokeza katika uzalishaji. Wajapani walimshukuru kwa kuanzisha tuzo yenye jina lake mwaka 1951. Kwao Marekani walikuja kumsikiliza kwa makini baada ya kama miaka thelathini. Yeye alitumia shanga na hakuzungumzia maharage, lakini hesabu ni ileile: ukiwa na moja nyekundu katika kila tano, kibao cha hamsini kitatoa mekundu kumi hivi, safari hii manane, safari ile kumi na matatu, na jitihada ya mchovyaji haibadilishi kitu. Mekundu yako ndoani. Aliyeijaza ndoo ni mimi.

Watumishi wa umma waliomo darasani hucheka zaidi hapa, kwa uchungu. Tangu mwaka 2004 walijaza fomu za OPRAS, kila mtu na malengo yake na alama zake, mpaka mfumo huo ulipopisha ule wa kompyuta unaoitwa PEPMIS. Sisemi kupima utendaji wa mtu ni kosa. Nasema tu kwamba nimekutana na wakuu wengi wa idara wanaoweza kukutajia alama ya kila mtumishi wao na wasiweze kukutajia kilichomo ndoani.

Lakini siku ile sikumaliza somo la Deming. Lile jibu la yule mama lilinichukua, nikaachana na kitini changu, kwa sababu alikuwa amekwisha kulieleza jambo ambalo wakulima wa pamba wa Nzega wanalijua kuliko profesa yeyote: mtu asipopewa mahali halali pa kuweka kibaya, atakiweka kiganjani.

Zamani kibaya kilikuwa na mahali pake, na kilikuwa na jina. Kiliitwa fifi.

Msomaji wa pwani au wa Nairobi huenda hajawahi kulisikia neno hili katika maana hii, kwa hiyo niende polepole. Pamba ikipasuka shambani haipasuki yote sawa. Ipo inayofunguka nyeupe, kavu, imejaa mkono. Na ipo iliyofyonzwa na kangambili, wale wadudu wekundu wenye mabaka meusi, ikaingia madoa ya manjano. Iliyotobolewa na funza wa vitumba, ikatoka nusu imegandamana. Iliyoanguka chini ikala vumbi. Iliyochelewa kuchumwa ikanyeshewa. Ile ya kwanza ni pamba safi, daraja la A. Hii ya pili ni fifi, daraja la B. Mchumaji aliingia shambani na mifuko miwili, mmoja mkubwa mbele na mwingine mdogo ubavuni, na mkono ukajifunza wenyewe: huku safi, huku fifi. Mtoto wa miaka tisa aliweza. Jioni nyumbani, pamba ilipoanikwa, bibi alipitisha vidole tena, akitoa jani, akitoa kokwa, akihamisha punje iliyojificha.

Kituoni, karani alipima mara mbili. Fifi ililipwa bei yake, ndogo, wakati mwingine ndogo mno, lakini ililipwa. Ilikuwa na rundo lake ghalani na hati yake. Hakuna mkulima aliyeona haya kusema "na hii ni fifi yangu", kama vile muuza mchele asivyoona haya kutenga chenga. Kiwandani ilichambuliwa peke yake, ili robota la nyuzi nyeupe lisiingiliwe na la madoa.

Ukitaka kuona mfumo wa ubora uliokamilika, ndio huo. Aliyezalisha kasoro ndiye aliyekuwa wa kwanza kuiona, na aliiona shambani, mapema kuliko mkaguzi yeyote. Tofauti kati ya nzuri na mbaya ilionekana kwa macho na kusikika mfukoni siku ileile. Jambo la tatu ndilo wataalamu wetu wa semina hulisahau: kusema ukweli kulikuwa na gharama ndogo kuliko kuuficha. Vyama vya ushirika vya Kanda ya Magharibi ya kilimo cha pamba, tangu enzi za shirikisho la Victoria lililoundwa mwaka 1955 chini ya Paul Bomani, vilikuwa na madhambi mengi, na mkulima aliyesubiri malipo kwa miezi atakuhesabia moja baada ya jingine. Lakini fifi viliipa nafasi yake. Chama kikuu cha huku Nzega na Igunga kilijiita Igembensabo, jembe ni mali. Jembe liliwafundisha kulima. Kupanga walifundishwa na fifi.

Mwaka 1994 soko la pamba likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Nisieleweke vibaya: watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi, maana fedha taslimu ilikuja mpaka mlangoni. Kampuni zikawa nyingi, kila moja ikitaka kujaza lori kabla ya mwenzake. Mnunuzi mwenye haraka hapimi mara mbili. Ukimwambia mkulima "hii ni fifi, bei nusu", anakifunga kiroba chake anavuka barabara kwa mshindani wako, ambaye anaipokea yote kwa bei ya safi. Baada ya misimu michache, vituo vingi vilikuwa na bei moja tu. Fifi haikukoma kuota, kangambili hawakusikia habari za soko huria. Ilipoteza mahali pake tu, ikahamia katikati ya kiroba, imezungukwa na nyeupe pande zote.

Na kama fifi inalipwa sawa na safi, kwa nini maji yasilipwe? Kwa nini mchanga usilipwe? Hapo ndipo yalipoanza mambo ambayo kila bwana shamba wa kanda hii anaweza kukusimulia: pamba inayonyunyiziwa maji usiku wa kuamkia mnada, mchanga, chumvi, jiwe katikati ya mzigo. Upande wa pili, mizani iliyochezewa, ikimla mkulima kilo kadhaa kila mzigo. Kila mmoja alimwiba mwenzake na kila mmoja alikuwa na ushahidi kwamba mwenzake ndiye aliyeanza. Baadaye Watanzania walipata neno la jambo hili, kuchakachua, walipoanza kukuta mafuta ya taa ndani ya petroli, lakini pamba ilitangulia. Nyuzi zetu, ambazo zilikuwa zikipata nyongeza ya bei kwenye soko la dunia kwa sifa yake, zikaipoteza nyongeza hiyo.

Semina zilikuwepo. Hilo ndilo jambo la kuliangalia kwa utulivu. Mabango ya pamba safi yalibandikwa, redio ilihimiza, mabwana shamba walizunguka kwa pikipiki. Hakuna mkulima aliyekuwa hajui pamba safi ni ipi. Walijua tangu wakiwa na miaka tisa. Elimu ilikuwepo na ubora haukuwepo.

Nchi hii ina historia ndefu ya watu waliojifunza kazi bila ukumbi. Barabara zinazokutana leo Nzega, ile ya Singida, ile ya Shinyanga na Mwanza, na ile inayoteremka Tabora, zimekaa juu ya nchi ambayo katika karne ya 19 iliishi kwa misafara. Tabora, Kazeh ya wakati huo, ilikuwa njia panda: mashariki Bagamoyo, magharibi Ujiji, kaskazini ziwa kuu. Mizigo yote ilipita juu ya mabega, na mabega yaliyosifiwa kuliko yote yalikuwa ya Wanyamwezi. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, karibu kilo 32. Richard Burton, aliyefika Kazeh Novemba 1857, aliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi walibebeshwa pembe ndogo za ndovu tangu wadogo ili mabega yazoee. Kijana ambaye hajafika pwani hakuhesabiwa kuwa mtu mzima. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, aliyeijua njia kwa kuipita, akipeperusha bendera na kubeba mzigo mwepesi kuliko wengine. Kosa lake halikusubiri ripoti ya robo mwaka, kisima kikavu kililitangaza jioni hiyohiyo.

Maneno mawili ya misafara hiyo tunayo hadi leo. Mtumba ulikuwa bunda la nguo lililofungwa kwa ustadi ili likae begani. Sasa tunautafuta mnadani ukiwa umejaa mashati ya Ulaya. Na posho ilikuwa chakula cha mpagazi cha siku, kilichompa nguvu ya kufika kambi inayofuata. Posho ya siku hizi hutolewa kwa kufika ukumbini na kusaini. Nimeishi kwa posho hiyo, sitaitukana. Ila mpagazi angeshangaa kusikia inalipwa na mzigo haujatoka.

Kuna jambo jingine nililolipata kwenye habari za misafara ambalo hunisaidia kila nikifika kwenye swali la ubora ni nini. Henry Stanley alipokuwa Unguja Januari 1871 akijiandaa kumtafuta Livingstone, alitaabika sana kununua shanga, kwa sababu kila nchi njiani ilikuwa na ushanga wake. Bubu, ule mweusi, ulikuwa fedha halali Ugogo, na kwingine kote takataka. Sungomaji ulipendwa Ujiji, ukakataliwa kwingine. Ule mweupe ulipita Ufipa, ukadharauliwa Ukonongo. Na Unyamwezi? Hapa waliutaka sami-sami, ushanga mwekundu, na mwingine hawakuutazama. Kwa hiyo Deming angelileta lile zoezi lake huku mwaka ule, shanga nyekundu zingekuwa ndizo bidhaa na nyeupe ndizo kasoro. Nilipowasimulia hili darasani, yule mama wa khanga alicheka kuliko wote. "Basi mimi nilificha mali," akasema.

Wauguzi wanne walikuwa kimya muda huu wote. Wakati wa chai, tukila matobolwa ya viazi vitamu na karanga, mmoja wao aliniambia kwa sauti ya chini kwamba maharage yangu ni ya kweli sana, halafu akabadilisha mazungumzo. Ilinichukua hadi alasiri kujua alichokuwa akikizungumzia.

Sekta ya afya ndiyo iliyokwenda mbali zaidi hapa nchini katika kufundisha usimamizi wa ubora kwa mpango. Njia yenyewe ilitoka Japani kwenye viwanda, ikapitia Colombo, Sri Lanka, ambako hospitali ya wanawake ya Castle Street iliionyesha dunia kwamba inaweza kutumika wodini, na mwaka 2007, kwa msaada wa shirika la Kijapani la JICA, ikaanza kujaribiwa katika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya. Kutoka hapo ikasambazwa hospitali za mikoa na kwingineko. Wajapani wana hatua tano zinazoanza na herufi S: seiri, seiton, seiso, seiketsu, shitsuke. Waliotafsiri hapa walifanya kazi nzuri kuliko wanavyosifiwa, wakazibakiza S zote: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Mtu wa pwani akisikia "sasambua" hujizuia kucheka, maana kwao neno hilo lina ngoma yake na nguo zake zinazovuliwa. Lakini ndiyo maana lenyewe. Livue ghala nguo, uone lina nini.

Hatua ya kwanza ikifuatwa kama ilivyokusudiwa, timu ya wodi au ya ghala hupita kila rafu, na kila kisichohitajika kinawekewa lebo nyekundu na kupelekwa sehemu iliyotengwa: kitanda kilichovunjika, mashine isiyo na kipuri, dawa iliyopita muda. Nilipoielewa lebo hiyo nilijisikia niko nyumbani. Ni fifi. Mtu amekipa kibaya jina na kona, amekiandikia.

Hatua tatu za mwanzo huenda vizuri karibu kila mahali, nimeona mwenyewe: rangi sakafuni, mafaili yaliyosimama kwa namba, kamba za umeme zilizofungwa. Picha ya kabla na picha ya baada. Ugumu uko kwenye Shikilia, na watu wengi huueleza kwa tabia ya Mtanzania, maelezo ambayo mimi siyapendi, kwa kuwa hayaelezi kitu na yanamsamehe kila mwenye madaraka. Yule muuguzi alikuwa na maelezo mengine. Mahali alipowahi kufanya kazi, ambapo hakupataja na mimi sikuuliza, walisasambua ghala la dawa kwa bidii, wakatoa maboksi ya dawa zilizopita muda, wakayapanga kwenye kona yenye lebo. Wiki iliyofuata akaja mkubwa wa ukaguzi. Akaiona kona. Akauliza nani alikuwa zamu dawa hizi zikiharibika, na gharama yake ikaelekezwa kukatwa kwenye mshahara wa aliyekuwa na funguo. Dawa zenyewe zilifika zikiwa zimebakiza miezi michache, na hakuna aliyeziomba. Zilikuwa maharage mekundu, zimetoka ndoani.

"Kwa hiyo zoezi lilipokuja tena?" nikamwuliza.

"Hakukuwa na dawa iliyopita muda hata moja, mwalimu," akajibu. "Ghala lilikuwa safi kabisa."

Sikumwuliza zilikwenda wapi. Sote wawili tulitazama madawati.

Mwaka 2015 Serikali ilipoanza kuvipima vituo vya afya vya msingi kwa nyota, kuanzia sifuri hadi tano, na lengo likiwa walau tatu, vituo vingi vilipata sifuri katika awamu ya kwanza, na vilivyofika tatu vilikuwa vichache mno. Wapo walioona aibu ya taifa. Mimi nilifurahi, na naomba nisamehewe: ilikuwa nadra kuona mfumo mzima ukikubali kupima mara mbili na kutangaza rundo la fifi lilivyo kubwa. Deming alikuwa na mambo kumi na manne aliyoyahimiza kwa viongozi, na mojawapo lilikuwa kuiondoa hofu kazini. Si kwa ajili ya raha ya wafanyakazi. Ni kwa sababu penye hofu takwimu zote ni za uongo, na bila takwimu za kweli mkuu anaongoza kipofu. Toyota walilijenga hili ndani ya kiwanda kwa kamba tu: mfanyakazi wa kawaida akiona kasoro anavuta, kiongozi wa timu anamkimbilia, na kasoro isipotengenezwa upesi mstari unasimama. Waliokwenda kuiga walinunua kamba. Wengine waligundua baadaye kwamba hakuna anayeivuta.

Kuna mfano wa Shikilia nzuri pale pale Nzega, na hauko kwenye semina yoyote. Mgodi wa dhahabu wa Golden Pride, Lusu, ulianza kuzalisha mwishoni mwa mwaka 1998, wa kwanza katika migodi mikubwa ya kisasa ya dhahabu nchini, ukafungwa baada ya kama miaka kumi na mitano. Simsifu mgodi; maswali ya nini kilibaki Nzega baada ya dhahabu kuondoka ni ya sura nyingine na hasira nyingine. Lakini kaa jioni mbele ya mgahawa wowote karibu na stendi uangalie magari yanavyoegeshwa. Wengi huingiza pua kwanza. Mmoja atasimama, atatazama vioo, atarudi kinyumenyume taratibu mpaka pua itazame barabara. Ukimwuliza, alifanya kazi mgodini, au alifundishwa udereva na aliyefanya. Huko ilikuwa sharti, ili ikitokea dharura watu watoke bila kugeuza. Leo hakuna geti, hakuna ofisa usalama, na mkono bado unafanya. Nilimwuliza mmoja kama walifundishwa darasani. Akafikiri. "Tulifundishwa siku moja," akasema, "halafu getini kila siku."

Siku ya mwisho ya semina ile niliwaomba wanafunzi wangu wasiniandikie mpango kazi. Wale waliokwisha kuhudhuria semina nyingi walipata mashaka. Mpango kazi ndio hufunga shughuli. Badala yake kila mmoja alijibu swali moja kwa maandishi, bila jina: kwenu fifi huwekwa wapi? Majibu yalikuwa mafupi. Mmoja aliandika, katikati ya kiroba. Mwingine, kwenye droo ya tatu. Mwingine, tunaihamishia robo mwaka ijayo. Mmoja aliandika neno moja tu, kiganjani, na mwandiko wake sikuhitaji kuuchunguza.

Nilirudi kijiji kile msimu uliofuata, ununuzi ukiwa umefunguliwa Mei kama kawaida, na pamba ikipitia tena AMCOS. Sikwenda kukagua, nilikuwa nasafiri kwenda Mwanza nikashuka kusalimia. Ghala lilikuwa lilelile, nusu limejaa, harufu ya pamba kavu na panya. Kwenye kona ya kushoto, mlangoni, mtu alikuwa ameandika kwa chaki ukutani: FIFI. Chini yake, viroba vinne.

Nikamwuliza karani bei yake.

"Haina, mwalimu. Kampuni inasema mwaka huu hainunui daraja la pili. Katibu amekwenda Nzega kuuliza, mara ya tatu hii."

"Na wanaleta hivyohivyo?"

Kabla hajajibu, mwanamke mzee alikuwa ameingia, amefuatana na mjukuu na baiskeli. Mwangaluka, tukasalimiana. Kwenye baiskeli kulikuwa na mzigo mkubwa umefungwa kwa kamba za katani, na juu yake kifurushi kidogo cha kitambaa, si zaidi ya kilo tatu. Mjukuu akaanza kufungua mzigo mkubwa kuupeleka kwenye mizani. Bibi yeye alichukua kile kifurushi, akapita mbele yetu bila kuuliza chochote, akakiweka juu ya vile viroba vinne, akakipigapiga kwa kiganja kikae, akarudi kusimama kwenye mizani.

"Andika," akamwambia karani.

"Bibi, ile haina bei."

"Nimesikia. Andika kilo."